Tisa Walianza, Tisa Walimaliza

Kila ifikapo tarehe 2 Agosti, sisi tunaoishi kwa kalamu tungefanya vema kumkumbuka mwenzetu mmoja ambaye jina lake halitajwi sana katika sehemu zetu hizi. Aliitwa Kinue Hitomi. Alikuwa Mjapani, mwandishi wa gazeti la Osaka Mainichi, na alikuwa mmoja wa wanawake wenye mbio kupita wote duniani katika zama zake. Tarehe 2 Agosti 1928 alipata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki mjini Amsterdam, Uholanzi. Tarehe 2 Agosti 1931, miaka mitatu barabara baadaye, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 24.

Hatuandiki leo kwa ajili ya kuomboleza. Tunaandika kwa sababu mbio alizokimbia siku ile zilifuatwa na uwongo, uwongo huo ukachapishwa magazetini, na wanawake wa dunia nzima wakafungiwa njia kwa muda wa miaka 32. Gazeti lolote linalojiheshimu halina budi kuijua habari hii, maana lililotokea wakati ule kwa kalamu za wenzetu laweza kutokea tena kwa kalamu zetu.

Bi. Hitomi alizaliwa tarehe 1 Januari 1907 katika kijiji cha Fukuhama, mkoa wa Okayama, katika jamaa ya wakulima. Alikua akawa mrefu, karibu sentimita 170, kimo ambacho kwa msichana wa Kijapani wa siku zile kiliwafanya wapita njia wageuze shingo. Shuleni alipenda kwanza mchezo wa tenisi, kisha riadha ikamchukua. Mwaka 1924 alikwenda Tokyo kusoma katika chuo cha mazoezi ya viungo kilichoanzishwa na mwalimu Tokuyo Nikaido, na mwaka 1926 akaajiriwa na gazeti la Osaka Mainichi. Tangu hapo akawa na kazi mbili: kuandika habari na kukimbia.

Zama zile hazikuwa rahisi kwa binti wa namna yake. Kwa watu wengi, msichana aliyevaa kaptura na kukimbia mbele ya hadhara alikuwa amekwisha kuivunja heshima ya nyumba yao. Wapo waliomcheka kwa kimo chake, na wapo waliothubutu kuuliza kama kweli ni mwanamke. Yeye hakuacha kukimbia.

Ulaya nako wanawake walikuwa wakigonga mlango uliofungwa. Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Michezo ya Olimpiki ya siku hizi, hakutaka kabisa kuwaona wanawake wakishindana humo. Ndipo Mfaransa mmoja, Bibi Alice Milliat, alipoamua kwamba mtu anayenyimwa nafasi katika baraza ya jirani hujenga ya kwake. Aliunda chama cha kimataifa cha michezo ya wanawake mwaka 1921, na mwaka uliofuata mashindano yao ya kwanza yakafanyika Paris. Mashindano ya pili yalifanyika Gothenburg, Sweden, mwaka 1926. Japani ilipeleka mwanamke mmoja tu, naye alikuwa Hitomi, mwenye umri wa miaka 19, aliyesafiri kwa gari moshi akiivuka Siberia yote.

Huko Gothenburg hakuwa na mwenzake wa kumfariji wala wa kumpokea mzigo. Hata hivyo alishinda katika kuruka mbali kwa mita 5.50, akashinda pia katika kuruka kwa kusimama, akawa wa pili katika kurusha kisahani, na wa tatu katika mbio za yadi 100. Mashindano yalipokwisha alitangazwa kuwa mchezaji bora kuliko wote, na Bibi Milliat akamkabidhi tuzo. Mwanamke mmoja kutoka Asia, peke yake, aliwashinda kwa jumla ya pointi wanawake wa nchi zilizokuwa na timu kamili.

Mwezi wa Mei 1928, akiwa nyumbani Osaka, alikimbia mita 100 kwa sekunde 12.2. Huo ni muda uleule ambao Mmarekani Betty Robinson aliushindia dhahabu ya Olimpiki miezi miwili baadaye. Mwezi huohuo wa Mei Bi. Hitomi aliruka mita 5.98, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa hadi mwaka 1939. Mwaka 1929 alikimbia mita 200 kwa sekunde 24.7.

Tunayataja haya ili msomaji aelewe mambo yalivyokuwa Amsterdam. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wakuu wa Olimpiki walikubali wanawake washindane katika riadha, tena kwa majaribio na katika michezo mitano tu: mita 100, mita 800, kuruka juu, kurusha kisahani, na mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne. Wanawake wa Uingereza waliuona uchache huo kuwa dharau, wakakataa kwenda. Kuruka mbali, ambako Hitomi alikuwa bingwa wa dunia, hakukuwamo. Mita 200 hazikuwamo. Na mbio za vijiti hazikimbiwi na mtu mmoja, naye alikuwa mwanamke pekee katika msafara wa Wajapani. Kwa hiyo tumaini lake lote lilikuwa katika mita 100.

Katika mita 100 aliishia nusu fainali. Alishika nafasi ya nne na hakuendelea.

Yafaa tujiulize ni mzigo gani uliomwelemea binti huyu usiku ule. Taifa zima lilikuwa likingoja. Waliosema kwamba michezo si kazi ya wanawake walikuwa wakingoja pia, ila wao walingoja aanguke. Angerudi mikono mitupu, si yeye pekee ambaye angehukumiwa, bali kila msichana wa Kijapani aliyekuwa akitamani kuvaa viatu vya misumari. Hapo ndipo alipowaomba viongozi wa timu wamwache akimbie mita 800, mbio ambazo hakuwa amezizoea hata kidogo. Mtu wa mbio fupi kuingia katika mita 800 bila matayarisho ni sawa na mvuvi wa pwani kwenda bahari kuu kwa ngalawa. Wakamkubalia.

Mchujo ulikuwa tarehe 1 Agosti, naye akapita. Fainali ilikuwa kesho yake. Wanawake tisa walisimama kwenye mstari. Mjerumani Lina Radke, aliyekuwa fundi wa mbio hizo, alimaliza wa kwanza kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi mpya ya dunia. Hitomi alimaliza wa pili kwa dakika 2 na sekunde 17.6. Wa tatu alikuwa Inga Gentzel wa Sweden. Hivyo Hitomi akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki. Siku hiyohiyo Mjapani mwenzake, Mikio Oda, alishinda dhahabu katika kuruka hatua tatu. Ilikuwa siku kubwa kwa nchi yao.

Sasa tufike kwenye aibu yetu. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba mbio zile zilikuwa msiba. Mwandishi mmoja wa Marekani alidai kwamba wanawake kumi na mmoja walikimbia, kwamba watano waliacha njiani, na kwamba watano wengine walizimia baada ya kufika mwisho. Wengine wakaongeza chumvi: wanawake wametapakaa nyasini, ni hatari kwa afya yao na kwa uzazi wao, ni jambo lisilotazamika.

Ukweli ni kwamba walianza tisa na wakamaliza tisa. Hakuna aliyeacha njiani. Tena wa kwanza aliivunja rekodi ya dunia. Mtu asiyeweza kuhesabu wakimbiaji tisa waliopita mbele ya macho yake aliaminiwa na dunia kuhusu afya ya wanawake wote.

Tusifiche neno. Ni kweli kwamba baadhi yao walijitupa chini walipomaliza, na Hitomi alikuwa mmoja wao, kwa kuwa alikuwa amejitoa mpaka tone la mwisho. Lakini ni mkimbiaji gani wa kiume asiyewahi kujitupa chini? Katika Olimpiki ya London mwaka 1908, Mwitalia Dorando Pietri alianguka mara kadhaa ndani ya kiwanja katika mwisho wa marathoni, akainuliwa na kusaidiwa mpaka mstari wa mwisho. Alinyang'anywa ushindi kwa kusaidiwa, lakini dunia ikamfanya shujaa, na malkia wa Uingereza akamzawadia kikombe. Katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, Mreno Francisco Lázaro alianguka katika marathoni na akafa. Mtu alikufa, na marathoni ya wanaume haikufutwa. Wanawake walichoka tu, na mbio zao zikafutwa.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mita 800 za wanawake ziliondolewa katika Olimpiki na hazikurudi hadi Roma mwaka 1960. Katika muda huo wote hapakuwa na mbio za Olimpiki za wanawake zilizozidi mita 200, na hata hizo 200 ziliingizwa mwaka 1948. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya uwongo huu ilikuwa na urefu wa miaka 32. Hesabu, ndugu msomaji, ni wasichana wangapi waliozaliwa, wakakua, wakawa na mapafu na miguu ya mbio hizo, wakazeeka pasipo kuruhusiwa hata mara moja kusimama kwenye mstari.

Tutaambiwa kwamba wazee waliofanya uamuzi ule hawakuwa na nia mbaya, kwamba waliwahurumia wanawake na kutaka kuwalinda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yamkini wengine wao walikuwa na huruma ya kweli. Lakini huruma si ushahidi. Mtu akitaka kukulinda na jambo, jambo la kwanza ni kukuuliza, na la pili ni kuchunguza kama hatari ipo. Wakimbiaji wale tisa hawakuwa na sauti katika baraza lililoamua. Waliosikilizwa ni watazamaji waliokwenda kiwanjani wakiwa wamekwisha kuamua watakachokiona.

Wala hatuwezi kujificha nyuma ya wakuu wa michezo. Wakuu hao waliegemea juu ya habari za magazeti. Kisa hiki kina uchungu wa pekee kwetu kwa kuwa mshindi wa pili wa mbio zile alikuwa mwandishi wa habari. Wenzake wa kazi walikuwa juu, wamekaa kwenye viti vyao na madaftari mkononi. Yeye alikuwa chini, kwenye vumbi la njia ya kukimbilia. Baadaye aliandika vitabu juu ya riadha na safari zake, lakini viliandikwa kwa Kijapani, na waliofunga mlango hawakusoma Kijapani.

Hitomi mwenyewe hakukaa kulalamika. Somo alilolipata Amsterdam lilikuwa jingine: kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mara mbili alikuwa amekwenda Ulaya akiwa mwanamke pekee wa nchi yake, na mara mbili hakuweza kuingia katika mbio za vijiti kwa kukosa wa kumpokea. Kwa hiyo mashindano ya tatu ya wanawake ya dunia yalipotangazwa kufanyika Prague mwaka 1930, aliazimia kutokwenda peke yake. Alizunguka huku na huko akihutubia na kuomba msaada, na wanafunzi wa kike wa mashule ya Japani wakatoa michango yao midogo midogo. Fedha zikapatikana, wakaenda wasichana sita: Hitomi na wenzake watano, wote wadogo kuliko yeye.

Mwezi wa Septemba 1930, mjini Prague, alishinda tena katika kuruka mbali. Alikuwa wa pili katika mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo, na wa tatu katika mita 60 na katika kurusha mkuki. Pamoja na hayo yote, Japani iliingiza timu ya wanawake katika mbio za kupokezana vijiti, naye akakimbia ndani yake. Hawakupata medali. Lakini sisi twaona kwamba katika maisha yake yote ya michezo hakuna alilofanya lililozidi hilo, kwa sababu rekodi aliziweka kwa ajili ya jina lake na la nchi yake, bali kijiti alikikabidhi mkononi mwa mwingine.

Baada ya Prague hawakupumzika. Walishindana Warsaw, Berlin, Brussels na Paris, siku baada ya siku, wakiwa wamechoka. Habari zilizowafikia kutoka nyumbani zilikuwa na lawama nyingi kuliko pongezi: medali hazikutosha, wasichana hawakufanya ilivyotarajiwa. Lawama hizo zilimuuma Hitomi zaidi kwa ajili ya wadogo zake kuliko kwa nafsi yake. Aliporudi Japani hakulala kitandani kuponya mwili. Aliendelea na kazi ya gazeti, akaendelea kusafiri kuwashukuru wachangiaji na kuhutubia mashuleni. Mwaka 1931 alilazwa hospitalini, na homa ya mapafu ikamwondoa duniani tarehe ileile aliyopata medali yake. Katika makaburi ya Olšany mjini Prague lipo jiwe la kumkumbuka, mbali sana na Okayama.

Wapo watakaosema kwamba kifo chake kiliwathibitisha wale waliodai kuwa michezo inawaua wanawake. La hasha. Michezo haikumwua. Maradhi yalimkuta mtu aliyebebeshwa peke yake kazi ya watu wengi: kushinda, kuandika, kuomba fedha, kulea timu, na kujibu lawama. Kama kuna fundisho katika kifo hicho, ni kwamba nchi isimtwike mtu mmoja matumaini yake yote kisha ikamlaumu kwa kuchoka.

Kijiti alichokitoa hakikuanguka. Wanawake walirudi katika mita 800 mwaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia katika Olimpiki mwaka 1984, na mwaka 1992, mjini Barcelona, Mjapani Yuko Arimori akapata medali ya fedha katika marathoni hiyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki katika riadha tangu Hitomi, baada ya miaka 64, naye pia alikuwa mzaliwa wa Okayama. Ilikuwa jioni ya tarehe 1 Agosti huko Hispania. Nyumbani kwao Japani, saa zilikuwa zimekwisha kuingia tarehe 2.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna deni katika habari hii. Tarehe 18 Agosti 2008, katika Olimpiki ya Beijing, msichana wa Kenya mwenye umri wa miaka 18, Pamela Jelimo, alishinda kwa dakika 1 na sekunde 54.87, na mwenzake Janeth Jepkosgei akawa wa pili. Jelimo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Aliipata katika mbio zipi? Katika mita 800, zilezile ambazo dunia iliambiwa kwamba mwili wa mwanamke hauziwezi. Alizikimbia kwa karibu sekunde 22 pungufu ya muda wa Radke. Lau mlango ule ungaliachwa umefungwa, dhahabu hiyo isingalikuwapo, na wasichana wengi wa vijijini kwetu wasingalijua kwamba ipo.

Mwaka 2028 itatimia karne moja tangu mbio za Amsterdam. Kabla ya siku hiyo kufika, twapenda kutoa rai yetu kwa watu wa namna tatu.

Kwanza, kwa wanaoongoza michezo, mashuleni, wilayani na taifani. Bado twasikia katika mabaraza yetu kwamba msichana akikimbia sana ataharibu uzazi, au atakosa mume, au atakuwa kama mwanamume. Kiongozi anayeufunga mlango kwa maneno kama hayo na alete ushahidi. Asipokuwa nao, na aufungue.

Pili, kwa wananchi wanaoshabikia. Tuache tabia ya kumpeleka mtu mmoja mashindanoni kwa nauli ya kuungaunga, pasipo kocha wala daktari, kisha kumpokea kwa matusi anaporudi bila medali. Anayetaka kupokea kijiti hana budi naye awe amekimbia sehemu yake.

Tatu, na hili twajiambia wenyewe, kwa waandishi wa habari. Tunapokwenda kiwanjani, twende na macho kabla ya maoni. Tuwahesabu wakimbiaji. Tuwaulize wenyewe wanavyojisikia kabla hatujawasemea. Na tukikosea, tusahihishe kesho yake, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule, wala tusingoje miaka 32. Mwenzetu Kinue Hitomi alistahili angalau hilo kutoka kwa magazeti ya siku zake, na hakulipata.